Herufi moja kwenye kifuko cha dawa

Mama alianza kulalamika kizunguzungu Jumatatu. Kufikia Alhamisi alikuwa hawezi kutoka kitandani bila kushika ukuta. Nilipofika nyumbani Chamazi jioni hiyo nikitokea kazini, nilimkuta amekaa barazani, khanga kichwani, akisema ni jua tu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila wiki nawahimiza wasomaji wapime presha, lakini mama yangu mwenyewe sikuwa nimempima kwa siku kumi. Nikatoa kipimo kwenye droo: 92 kwa 58. Mama huyu presha yake huwa inapanda. Sikumbuki kuiona imeshuka hivyo.

"Mama, dawa unameza ngapi?"

"Anazonipa mjukuu wangu."

Mjukuu ni binti wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza na anakaa na bibi yake. Akaenda ndani akaleta kifuko cha dawa. Dawa ilikuwa imebadilishwa wiki iliyotangulia, na muuzaji alikuwa ameandika maelezo kwa kalamu, kwa Kiingereza. Kifuko kilikaa karibu na ndoo ya maji kikalowana. Tarakimu ilikuwa imefutika. Kilichosomeka ni neno "tabs" na pembeni yake "morning".

"Mamdogo, angalia, kuna 's'," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anachosema. "Mwalimu alisema nomino ikiwa na 's' mwishoni ni wingi. Kwa hiyo haiwezi kuwa kidonge kimoja. Nikawa nampa viwili."

Tulimkimbiza mama kituo cha afya. Daktari alimpima, akamweka chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, akamrudisha nyumbani na agizo lilelile la awali: kidonge kimoja, asubuhi. Muuzaji alikuwa ameandika "1 tabs". Kwenye maduka ya dawa wengi hufupisha hivyo, iwe kimoja au vitano, na hakuna anayekaa kufikiria umoja na wingi.

Usiku ule nilimkasirikia mtoto. Kesho yake hasira ikahama, maana kila nilipoifuata hoja yake niliona haina kasoro. Kanuni aliyofundishwa ni ya kweli, na aliitumia vizuri kuliko yule aliyeandika.

Jumamosi tukakaa mkekani na daftari lake la Kiingereza. Kurasa tatu za wingi: ongeza "s", neno likiishia na "sh", "ch" au "x" ongeza "es", "baby" inakuwa "babies", "knife" inakuwa "knives". Halafu orodha ya wakaidi: "man" na "men", "tooth" na "teeth", "mouse" na "mice", "child" na "children". Kondoo, "sheep", habadiliki kabisa. Yote hayo ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Alikuwa ameandika "childrens" akawekewa mkasi mwekundu. Nilimwambia asijisikie vibaya, Waingereza wenyewe waliongeza wingi juu ya wingi kwenye neno hilo: zamani lilikuwa na wingi wake unaoishia na "r", baadaye wakabandika "en" juu yake. Alicheka sana.

Mimi pia nina mikasi yangu. Mwaka wangu wa kwanza chumba cha habari nilitafsiri taarifa ya surua nikaandika "measles are". Mhariri akakata, akaniuliza kama surua ni ngapi. Ina "s" lakini ni ugonjwa mmoja, kama "rabies", kama "diabetes". Hata "news", kazi inayoniweka mjini, ni umoja. Na "bacteria", ambayo haina "s" yoyote, ni wingi. Ile kanuni ya mwalimu, ukiipeleka wodini, inakusaliti mapema sana.

Kisha nikamwomba aniandikie sentensi moja kwa Kiswahili. Akaandika: "Kidonge kimoja kidogo kimeanguka." Nikamwambia aiweke katika wingi. Akaandika bila kufikiri: "Vidonge viwili vidogo vimeanguka." Nikamwomba ahesabu ni mara ngapi sentensi imemwambia kwamba vidonge ni zaidi ya kimoja. Nne: kwenye nomino, kwenye idadi, kwenye kivumishi, kwenye kitenzi. Mwagia maji neno moja, mengine matatu yatakuambia. Kwa Kiingereza "small" haibadiliki, na "fell" haibadiliki. Zinabaki tarakimu na ile "s" mwishoni, na tarakimu ikifutika umebaki na herufi moja.

Haya yote alikuwa anayajua tangu ana miaka mitatu, hakuna aliyemkaririsha. Ngeli zetu ni nyingi na zina vituko vyake. "Dawa" yenyewe haionyeshi chochote mpaka useme "hii" au "hizi", ni kondoo wetu huyo. Na tunazitawala kiasi kwamba wageni wakija tunawavalisha sare. Kitabu kilitoka Uarabuni bila ki- ya ngeli, tukaiona ki- hapo mbele, vikawa vitabu. Madereva walisikia "keep left", tukapata kipilefti na vipilefti. Mtoto mwenye akili ya namna hiyo anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anaingia sekondari masomo yanageuka Kiingereza, na siku ya kwanza anaambiwa wingi ni "s", kariri. Hakuna aliyemwambia, "Hili unalijua, ila wenzetu wanaliweka mwishoni mwa neno." Mimi pia sikuambiwa. Nilifika chuo kikuu nikiwa bado nasita kuuliza swali darasani, nikihofia "s" nitaiweka wapi.

Dada aliporudi kutoka kwenye biashara yake Mbagala, alitaka binti yake asiguse tena dawa za bibi. Tulibishana kidogo. Mimi nilisema aendelee, ila kifuko kiandikwe upya. Mtoto akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwa herufi kubwa: KIDONGE KIMOJA, ASUBUHI.

Mama alikuwa akitusikiliza. Alimaliza darasa la saba, na ukurasa huu huwa anausoma kabla yangu. Akanyoosha mkono akachukua kifuko, akavaa miwani, akakisoma kwa sauti.

"Sasa hii," akasema, "mngeniletea tangu mwanzo, ningemsumbua mtoto wa nini?"

Kifuko sasa anakaa nacho mwenyewe, chini ya mto.