Kuku wa Mavyaa

Kuku wa kienyeji waliwao Mombasa, wengi wao hawakuanguliwa mjini humu. Hupakiwa katika matenga juu ya mabasi huko Emali, Kibwezi na Mtito Andei, upande wa Makueni, au huteremka kutoka Kitui kwa njia ya Mutomo. Sisi tulioolewa katika jamaa hii twawafahamu kabla hawajaanza safari, kwani nusu ya ukoo wa waume zetu iko Kitui tangu zama za misafara, na kila Disemba twenda kuwazuru.

Mwaka uliopita tuliugua huko, watu watano kwa siku mbili: homa, tumbo la kusokota, kuhara na kutapika. Mdogo wetu, mwenye miezi kumi na minne, alifikia kulia pasipo machozi. Mama aliyewahi kuona hali hiyo hahitaji maelezo.

Katika zahanati moja tulitolewa damu kidogo, tukaambiwa sote tuna taifodi. Daktari wa pili, mama mtu mzima, hakuridhika. Aliuliza kuku wanalala wapi, na mtoto anatambaa wapi. Kisha akaagiza choo kipimwe, na jibu likawa Salmonella, lakini si ile ya taifodi. Alitufafanulia kuwa kijidudu cha taifodi huishi kwa binadamu peke yake, na kipimo kile cha damu hudanganya mara nyingi. Jamaa zake wengine, pamoja na kijidudu kiitwacho Campylobacter, hukaa matumboni mwa kuku mzima, mwenye manyoya ya kung'aa, asiye na dalili yoyote.

Hapo ndipo penye tatizo. Kideri kinapoingia wakati wa kiangazi na kuangusha kundi zima, kila mtu huogopa, ilhali kideri humletea binadamu wekundu wa macho wa siku chache tu. Tetea mzima haogopwi na mtu. Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni hulala jikoni kwa hofu ya wezi na nguchiro. Asubuhi sakafu hufagiwa, na mtoto hutambaa papo hapo kabla vumbi halijatua.

Nani basi atamwambia mavyaa? Kuku wale ni mali yake. Tetea mmoja ni sare ya mjukuu au nauli ya hospitali, bila ya kumnyooshea mwanamume mkono. Tena ndiye aliyetuchinjia jogoo kwa mapenzi yake. Kusema kuku wake wametuuguza kungekuwa kumtia aibu mbele ya wakaza wana wake.

Mkubwa wetu alianzia mbali. Alimkumbusha mwaka wa 2004, mahindi yaliyoota kuvu yalipowauguza watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Mavyaa anaukumbuka mwaka ule. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza kibanda kitagharimu nini. Sharti lake lilikuwa moja: kiegemee ukuta wa chumba chake, chini ya dirisha, asikie mwizi akija. Kilijengwa kwa fito, kikainuliwa juu ya ardhi.

Kwetu pwani tuna letu. Kuosha kuku mbichi chini ya mfereji hurusha matone hadi kwenye kachumbari. Anayeshikilia kuosha kwa ndimu na atumie karai, polepole, kisha asafishe kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Nyama iive mpaka mfupani pasibaki wekundu. Wako pia wanaowahi kumchinja kuku mgonjwa asije akawa mzoga. Kisu humwondolea uharamu wa mzoga, vijidudu hubaki.

Akihara mtoto, apewe maji ya ORS kidogo kidogo, aendelee kunyonya, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Wengi hupona bila ya antibiotiki. Mtoto mchanga, mja mzito, mzee, au yeyote anayehara damu, apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Mdogo wetu alipona siku ya sita. Mwezi wa Machi mavyaa alituma salamu na ombi moja: tukija, tumchukulie kufuli la pili la kibanda.