Mtoto Anaharisha, Nesi Katoa ORS na Zinki Tu. Dawa Iko Wapi? (Sehemu ya 4)

Juzi tuliongea uji wa lishe. Leo tunaingia tumboni kwenyewe.

Hapa Mpanda mvua zikianza, kuna swali nalisikia karibu kila siku. Mtoto anaharisha, tumempima, tumempa ORS na zinki. Mama anaangalia zile pakiti, ananiangalia mimi: "Sasa nesi, dawa iko wapi?" Mwingine akitoka hapo anapitia duka la dawa, anachukua amoksilini au Flagyl. Anampa siku mbili, inayobaki inawekwa kabatini kusubiri mwingine aharishe.

Simlaumu. Mtoto akilegea, mzazi anataka kitu cha kuua kinachomsumbua mwanae. Shida ni kwamba dawa ile haichagui wa kumuua.

Sikia. Mwili wa mtu mzima una bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38, na wengi wanaishi kwenye utumbo mpana. Wengi wao si maadui. Wanakula nyuzinyuzi za chakula tunazoshindwa kuzimeng'enya, wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wadudu wa ugonjwa wakija, wanakuta nafasi imejaa na chakula kimeliwa. Na kinga ya mtoto inajifunza kwao: nani wa kupigana naye, nani wa kumwacha.

Wa kwanza mtoto anawapata kwako, wakati wa kuzaliwa na ukimnyonyesha. Maziwa yako yana sukari za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Za nini sasa? Ni chakula cha bakteria wake wazuri. Ndiyo maana tunang'ang'ania miezi 6 maziwa ya mama tu: bila maji, bila uji, bila dawa ya mchango ya bibi.

Jirani zetu Malawi, watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha mpaka umri wa miaka 3. Kuna nyumba pacha mmoja alipata utapiamlo mkali, mwenzake hakupata, na wanakula pamoja! Bakteria wa baadhi ya mapacha hao wakapandikizwa kwenye panya, panya wakalishwa chakula cha Kimalawi. Waliopata bakteria wa mtoto mgonjwa wakakonda sana kuliko wenzao. Matokeo yalitoka 2013. Kumbe sahani peke yake haitoshi, na hawa wakazi wa tumboni wana kazi yao.

Na wakazi hao wanafuata chakula. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Wahadza wetu wa Ziwa Eyasi: kuna bakteria wanaopungua sana msimu wa mvua na kurudi kiangazi, vyakula vya porini vinavyobadilika. Sisi hatuhitaji mizizi ya porini. Tuna maharage, kisamvu, mlenda, matembele, viazi vitamu, ugali wa dona. Maziwa mgando nayo ni mazuri kwa mtoto aliyefikisha mwaka, ila chemsha maziwa kwanza ndipo ugandishe. Maziwa mabichi yana magonjwa yake.

Sasa turudi kwenye kuharisha. Watoto wengi wanaharisha kwa sababu ya virusi, kama rota. Antibayotiki haiui virusi hata kidogo. Inaua wale walinzi, na yenyewe inaweza kumharisha mtoto zaidi. Wanaosalia ni wale sugu. Siku akipata nimonia kweli, dawa inaweza ikagoma.

Mwaka jana wifi yangu alinipigia usiku kutoka Inyonga. Mtoto wa miezi 9 kaharisha mara sita, yeye kashika chupa ya amoksilini ya kaka mtu. Nikamuuliza: kuna damu? Ananyonya? Anakojoa? Damu hakuna, mengine ndiyo. Nikamwambia weka chupa chini, koroga ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, mpe kwa kijiko taratibu, endelea kunyonyesha, asubuhi nenda zahanati. Wakampa zinki. Siku ya tatu choo kikaanza kushika.

ORS inarudisha maji na chumvi. Zinki inasaidia ukuta wa utumbo kupona. Mpe siku zote ulizoandikiwa, 10 mpaka 14, hata kama kaacha kuharisha. Hizo ndizo dawa zenyewe, mama. Na chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013, usiruke tarehe kwenye kadi.

Sisemi antibayotiki ni mbaya. Kuhara damu, nimonia, utapiamlo mkali: hapo zinaokoa maisha. Ukiandikiwa, maliza dozi. Usigawie mtu, usibakize.

Ukiona haya usisubiri asubuhi, usisubiri baba arudi: macho yameingia ndani, hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, kalegea hashtuki, hakojoi, degedege, au damu kwenye choo. Bebea mgongoni, njoo. Njiani endelea kumpa ORS.

Sehemu ya 5 tutaongea maji ya kunywa na mikono yetu. Mtumie dada mwenye mtoto mchanga.