Fungua furushi, usisome lebo tu

Jamani, tuzungumzie magemu ya kompyuta kidogo. Najua wapo watakaosema hii ni michezo ya watoto, mwandishi wa habari anatafuta nini huko? Subirini.

Gemu haliji picha moja moja. Watengenezaji huchukua picha, sauti, ramani, sura za watu na magari, halafu hufunga vyote kwenye faili moja kubwa, kama machinga anavyokunja shuka lenye bidhaa akisikia mgambo wanakuja. Faida yake ni kwamba kompyuta hufungua faili moja badala ya maelfu.

Mfano mzuri ni Doom, gemu lililotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1993. Furushi lake linaitwa WAD. Baiti 12 za mwanzo zinakueleza mambo matatu: ni furushi la aina gani, lina vitu vingapi, na orodha ya vitu hivyo inaanzia wapi. Kwenye orodha, kila kitu kina baiti 16: mahali kilipo, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi 8. Basi! Ukijua kusoma orodha, furushi halina siri tena. Mwaka 1994 wachezaji wa kawaida walikuwa tayari wametengeneza programu yao, DEU, ya kulifungua na kuchora ramani mpya.

Leo ipo SLADE, nayo ni ya bure. Niliitumia kufungua Freedoom, gemu la bure linalofuata mpangilio ule ule wa Doom. Orodha ikashuka kama daftari la mahudhurio. Nikabonyeza DSPISTOL, nikasikia mlio wa bastola. Sikuhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta wala kumwomba mtu ruhusa.

Sasa njooni kwenye habari yenyewe. Mnalikumbuka GTA San Andreas, lile la CJ, lililojaza vijana kwenye vibanda vya PlayStation? Lilitoka Oktoba 2004. Juni 2005, baada ya toleo la kompyuta kutoka, Mholanzi mmoja, Patrick Wildenborg, alisambaza programu ndogo iliyoitwa Hot Coffee. Ukiiweka, zinatokea sehemu za ngono ambazo mnunuzi hakuambiwa kwamba zipo.

Watengenezaji, Rockstar, walielekeza lawama kwa wadukuzi. Kumbe Wildenborg hakuongeza sehemu zile, aliziwasha tu. Zilikuwa zimezimwa, hazikufutwa. Ushahidi uliowamaliza ni wa toleo la PlayStation 2: sehemu zile zile zilikutwa humo. Diski ile imechapwa kiwandani, hakuna mdukuzi anayeweza kuongeza kitu juu yake. Njia ya mwongo ni fupi.

Tarehe 20 Julai 2005, ESRB, chombo cha Marekani kinachopanga magemu kwa umri, kilibadilisha daraja la gemu lile kutoka miaka 17 kwenda 18, na maduka makubwa yakaliondoa. Tofauti ya mwaka mmoja tu, lakini hasara yake ilikuwa kubwa. Fundi yeyote wa pale angeweza kufungua furushi kabla halijaenda kiwandani, akaona kilichobaki ndani. Kuzima taa hakuondoi kitu chumbani.

Ninachojifunza kama mwandishi ni hiki: taarifa kwa vyombo vya habari ni lebo tu, na furushi lipo. Bajeti ina viambatanisho, mkataba una kurasa za mwisho zisizosomwa na mtu. Wengi wetu tunanakili lebo na kuiita habari.

Lakini tuwe waangalifu. Programu hizi zinakuonyesha kilichomo, hazikwambii nani alikiweka wala kwa nini. Hapo bado utapiga simu, utasubiri kwenye benchi la ofisi ya mtu, utauliza. Na kuona picha ya mtu ndani ya furushi hakukupi haki ya kuichukua ukaiuza kama yako. Kukagua ni jambo moja, kuiba ni jingine.

Je, wewe mara ya mwisho ulisoma viambatanisho lini?