Kabati la babu, mawese na laki moja na ishirini na sita

Najua nilipotea. Wengine mlidhani nimedisco, wengine mlidhani boom limechelewa nikauza simu. Hapana, nilikuwa nyumbani Ujiji likizo nzima na kazi yangu ilikuwa moja tu, kukwangua kabati. Naandika kwa sababu nimerudi hapa hosteli nikakuta watu wanalalamika makwao kumechakaa na hawana hela ya kufanya chochote. Soma kwanza, halafu tuongee.

Jiko letu liko hivi. Ni chumba kirefu chenye dirisha dogo upande wa uani. Ukuta mmoja wote una kabati la mninga alilotengeneza babu mwenyewe miaka ya sabini, maana alikuwa seremala. Milango minane, minne juu na minne chini, na droo mbili katikati. Enzi zake watu walikuja kulitazama. Sasa fikiria miaka yote hiyo ya moshi wa mkaa na kukaanga migebuka kwa mawese. Kabati lilishakuwa jeusi, na ukiligusa linanata. Mlango mmoja ulikuwa unafungwa kwa kamba ya katani.

Tatizo ni kwamba dada alikuwa anakuja kuposwa. Na nyie mnajua posa zetu, wanaume wanakaa sebuleni na vikombe vya kahawa, lakini wanawake wa upande wa pili hawakai huko. Wanaingia mpaka jikoni "kusaidia", na macho yao yanafanya kazi kuliko mikono. Mama alikuwa halali. Akaniambia, "Mwanangu, watasema tumemlea dada yako kwenye tanuri."

Basi akaita fundi mmoja mjini. Fundi akapima, akapiga hesabu, akataja 1,200,000. Kabati jipya jeupe la MDF, kama yale ya kwenye tamthilia, na la zamani atalibeba yeye bure. Anataka 500,000 ya kuanzia, nyingine italipwa kidogo kidogo. Mama alikuwa ametoka kupokea upatu, laki tano kamili. Kama vile fundi alishaichungulia ile pochi.

Sasa ile laki tano sio hela ya kuchezea. Mama anauza dagaa wakavu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Nia ni nzuri, nami naiunga mkono, lakini kwa mtu ambaye mtaji wake ni kwenda Kibirizi alfajiri na kurudi na magunia, ile ilikuwa miezi mitatu ya kuhesabu vijiko vya sukari. Aliyekuwa na akiba ya dagaa kabla ziwa halijafungwa alipona. Mama hakuwa nayo. Kwa hiyo mimi nilikuwa naona laki tano inakwenda kwenye mbao zisizo mbao, na huko mbele bado tunadaiwa laki saba.

Nikasema mbao zisizo mbao kwa sababu MDF ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ni nzuri nyumba ikiwa kavu. Jikoni kwetu maji yanakaa kwenye ndoo chini, sakafu inaloa asubuhi na jioni. MDF ikinywa maji inavimba kama andazi, na ikishavimba hairudi. Mninga ni habari nyingine. Ni mti wa miombo, hii misitu yetu ya Kigoma, Tabora na Katavi. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake haipindi ovyo, na mchwa hauipendi. Huko Zambia wanauita mukwa, nako wanautengenezea samani za maana. Yaani fundi alikuwa anataka kubeba bure mbao ambayo ukienda kuinunua leo utakaa chini.

Mama hakukubali upesi. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki mbili na hela ndogo. Likinishinda, fundi yupo." Akaniangalia kama anayeangalia mvua. Kilichomlainisha ni meli. Sisi watu wa Kigoma tuna mfano wetu wa kudumu, Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Kigoma, ikaitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, lakini kwanza wakaipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nikamwambia mama, hii mafuta iliyoganda hapa ni grisi ya Wajerumani, chini yake mbao inalala tu. Akacheka. Nikajua nimeruhusiwa.

Sasa kazi yenyewe, kwa anayetaka kuiga.

Siku ya kwanza nilifungua milango yote kwa bisibisi na kuiandika namba kwa chaki upande wa ndani, na namba ileile kwenye fremu. Usidharau hatua hii. Milango ya seremala wa zamani haifanani hata kidogo, kila mmoja ulichongwa kwa tundu lake.

Siku ya pili na ya tatu ni kuosha tu. Rangi wala vanishi haishiki juu ya mafuta, itamenyeka mwezi haujaisha. Nilitumia maji ya moto na sabuni ya mawese ya hapahapa Kigoma. Yaani mawese yanatolewa na mawese! Pale palipoganda kabisa nilipaka uji wa majivu, nikaacha dakika chache, nikasugua, nikasuuza haraka. Majivu yakikutana na mafuta yanageuka kama sabuni, lakini usiyaache muda mrefu, yanatia mbao weusi. Lile doa la rangi ya chungwa linalobaki usihangaike nalo sana, toa mlango nje juani. Jua linaikula rangi ya mawese. Kila mwanamke wa Ujiji anayeanika kanga anajua hilo.

Halafu msasa. Namba 120 kwanza, kisha 240, siku zote kwa kufuata nyuzi za mbao, sio kukata katikati. Funga pua na mdomo, vumbi la mninga linawasha vibaya. Mlango wa kwanza ulipoanza kutoa ile rangi yake ya asali na wekundu kidogo, watoto wa jirani waliokuwa wananicheka wakanyamaza. Kwenye duka la vifaa waliniuliza nimetumwa na fundi gani. Nikasema fundi ni mimi. Wakanipa bei ya fundi.

Hapo ndipo ugomvi ukaanza. Mama anataka yote yapakwe rangi nyeupe. Mimi nikasema nani anapaka rangi mninga, tupige vanishi, ibaki kazi ya babu ionekane. Shangazi akaunga mkono upande wangu, akaongeza kwamba kupaka rangi ni kumfuta marehemu, na kwamba bibi ataumia. Ikawa kesi. Tukaenda kumuuliza bibi, amekaa zake barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikaeleza kwa upole wote, nikiogopa machozi.

Bibi akasema, "Lile kabati mimi nilitaka la bluu."

Tukanyamaza.

"Nilimwambia babu yenu, nipakie bluu. Akasema mninga haupakwi rangi, watu watamcheka. Nimepika humo miaka yote, naangalia mbao. Kabati lake, jiko langu." Akarudi kwenye mchele wake.

Jamani. Mimi na shangazi tulikuwa tunalinda kumbukumbu ya mtu ambaye kumbe kumbukumbu yake ni nyingine kabisa. Tulimsikia babu kwenye ile mbao, na bibi yupo hai, hatujawahi kumuuliza. Hapa chuo tunafundishwa kila siku kwamba mwalimu aanze na kile anachojua mwanafunzi, usimwone chombo kitupu. Nimeandika sentensi hiyo kwenye mitihani mara ngapi sijui. Siku ile ndio niliielewa.

Tukagawana. Milango ya chini na droo tukapiga vanishi, hiyo ya babu. Milango ya juu ikapakwa rangi ya mafuta ya bluu, hiyo ya bibi. Kuta zikawa nyeupe, hiyo ya mama. Kabla ya bluu nilipiga mkono mmoja wa rangi ya kushikia, maana wekundu wa mninga unaweza kupenya juu. Halafu mikono miwili ya bluu, myepesi, na msasa kidogo katikati. Jiko la mkaa tukalihamishia baraza ya nyuma, la sivyo mwakani tungekuwa palepale.

Hesabu hii hapa, msiseme naficha:

Msasa karatasi nane: 8,000
Sabuni na stiliwaya: 3,000
Vanishi lita moja: 16,000
Rangi ya kushikia lita moja: 11,000
Rangi ya bluu lita moja: 14,000
Tina: 5,000
Brashi mbili: 5,000
Bawaba jozi sita: 12,000
Vishikio kumi: 15,000
Rangi ya ukuta lita nne: 22,000
Seremala wa kurekebisha mlango mmoja na droo: 15,000

Jumla 126,000. Kwenye ile laki tano imebaki 374,000, na mama ameshaigeuza magunia ya dagaa wakavu. Yapo juu ya machanja, yanasubiri.

Posa ilipita salama. Wale mama wa upande wa pili waliingia jikoni kama ilivyotarajiwa. Mmoja akafungua mlango wa bluu, akaugonga kwa kidole, akauliza ni mbao gani hii nzito hivi. Bibi akajibu kabla ya mtu yeyote: "Mninga. Rangi nimechagua mimi."

Kwa hiyo wewe unayetaka kwenda nyumbani kubadilisha kila kitu kwa mkopo, kwanza osha. Labda chini ya uchafu kuna kitu. Na kabla hujachagua rangi, muulize anayepika humo.

Ngoja niishie hapa, kesho saa mbili nina test ya saikolojia na mikono yangu bado inanuka tina. Alamsiki.