Kimya cha Samehe

Katika vibanda vya video vya Tandika na Mwananyamala, kitisho kilizoeleka kuwa na sura. Kilikuwa na meno, na macho mekundu, na kicheko kilichotangulia mlangoni. Mussa Banzi alipoitoa Shumileta mwaka 2005, jini wa kike aliwatia hofu watazamaji waliokwisha kuyajua majini kwa masimulizi ya bibi zao. Hapana ubaya katika hofu ya namna hiyo. Mtu hulipa kiingilio, akapiga ukelele, akaenda zake.

Lakini iko filamu iliyoitangulia, ambayo haikuzoeleka vibandani humo, na kitisho chake hakina meno. Nayo ni Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando, ambaye baadaye aliliongoza Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndani yake yumo mwanamke aitwaye Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili, ambaye hajatamka neno kwa muda wa miaka ishirini. Alipokuwa mtoto aliona kwa macho yake baba akimuua mama. Tangu hapo mdomo ukafungwa, na anayemjia ni mzimu wa kale, Maangamizi mwenyewe.

Samehe aliigizwa na Amandina Lihamba. Huyu alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, palipokuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya. Ni mtunzi vilevile: Hawala ya Fedha, aliyoichota katika kisa cha Sembène Ousmane, ni yake, na Harakati za Ukombozi aliiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Basi aliyeishi kwa maneno ndiye aliyepewa nafasi isiyo na maneno. Jukwaani sauti hufika hadi kiti cha mwisho. Hapa amebakiwa na uso, mabega na pumzi, na kwa hivyo vichache anaibeba filamu. Daktari Asira, Mmarekani mwenye asili ya Afrika aliyeigizwa na BarbaraO, anakuja kumtibu, kumbe naye amebeba jeraha lake la utotoni. Anazungumza mengi. Mtazamaji humtazama yule asiyejibu.

Uswahilini mwanamke wa namna hii si mgeni. Huketi kibarazani mchana kutwa, na majirani hawaulizi aliona nini. Huuliza nani kamroga. Akipelekwa kwa fundi, ngoma ikapigwa, shetani hutakiwa ataje jina na aseme anachotaka. Kiti hakiulizwi. Mgeni aliyempanda hupewa nafasi ya kunena, ilhali mwenye mwili hubaki kimya kama alivyokuja. Hospitali nayo, kwa dawa zake, yaweza kumtuliza bila ya kumsikiliza. Filamu inasimama baina ya milango hiyo miwili, na haimkejeli mganga wala daktari, ingawa pengine inaupenda mzimu wake kupita kiasi, hata ikamsahau kidogo mgonjwa.

Wapenzi wa ushairi watalitua jina. Samehe ni kitenzi, tena ni amri. Kila amwitaye binti huyu humwamuru asamehe, na wa kusamehewa ni babaye. Mtoto aliyeitwa hivyo tangu kuzaliwa atalijibu vipi jina lake, baada ya siku ile? Lihamba halijibu kwa haraka. Anapoitwa huinua uso polepole, mtu asijue amesikia jina au amri.

Maangamizi ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, mwaka 2001, na haikuteuliwa. Ya pili, Vuta N'kuvute, ilipelekwa mwaka 2022. Baina yake ilipita miaka ishirini na mmoja, ambayo inauzidi kwa mwaka mmoja tu ule muda aliokaa Samehe bila kusema.