Marathoni ya kwanza kutoka Iguguno: Jasho, chumvi na kikohozi

Basi linalotoka mjini Singida kwenda Nzega hufika Iguguno abiria akiwa bado hajamaliza karanga zake. Ni mji mdogo wa barabarani katika Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba, na lami inaupasua katikati. Mchana na usiku hupita malori ya Mwanza na yale yanayokwenda kuvuka Rusumo kuingia Rwanda. Hapa ndipo inapochepuka njia ya Nduguti, yaliko makao makuu ya wilaya. Abiria wengi huufahamu kama sehemu ya kununua maji kupitia dirishani, kisha safari inaendelea kuelekea Misigiri na mteremko wa Sekenke.

Anayeshuka na kutembea nje ya lami hukuta nchi nyingine kabisa. Ni uwanda wa juu, mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari, wenye mawe makubwa, mashamba ya alizeti, mtama na uwele, na anga isiyo na mwisho. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni upepo hutawala, na upepo wa Singida hauhitaji kusifiwa. Umeshavutia mipango ya kuzalisha umeme. Kwa mwenye mapafu mazima, hapa ni mahali pazuri pa kukimbia. Mkoa huu ndio uliomzaa Alphonce Simbu, ambaye Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Walitenganishwa kwa picha ya mstari wa mwisho.

Je, mwenye mapafu yasiyo mazima?

Chukulia binti wa miaka 25 anayeishi Iguguno, aliyezaliwa na ugonjwa wa sistiki faibrosisi, ambaye ameamua kukimbia marathoni yake ya kwanza Moshi mwishoni mwa Februari. Kilimanjaro Marathoni hufanyika kila mwaka wakati huo, kwa hiyo mazoezi yake ya wiki 18 au 20 yanaanza Oktoba. Huyu ni binti wa kufikirika. Yatakayompata njiani, hata hivyo, madaktari wanayajua vizuri, kwa sababu wenye ugonjwa huu wamekuwa wakikimbia masafa marefu kwa miaka mingi. Lisa Bentley wa Canada aligundulika kuwa nao akiwa na umri wa miaka 20, kisha akashinda mashindano 11 ya Ironman, ambayo mtu huogelea kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180, ndipo akimbie marathoni nzima. Ni vyema kuongeza haraka kwamba ugonjwa huu haumpigi kila mtu kwa uzito mmoja. Wapo ambao kupanda ngazi tu ni kazi, na hao si wavivu.

Sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata pale baba na mama wote wawili wanapompa jeni yenye hitilafu, na mara nyingi wazazi wenyewe ni wazima, hawajui kitu. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Haina uhusiano na laana, wala na alichokula mama akiwa mjamzito. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1989, inahusika na jinsi chumvi na maji vinavyopita katika kuta za seli. Ikiharibika, ute wa mwilini unakuwa mzito kama gundi. Kwenye mapafu unaziba njia za hewa na kuwa makazi ya bakteria. Kwenye kongosho unazuia vimeng'enya vya kusaga chakula, hivyo mtoto anakula vizuri lakini haongezeki uzito, na choo chake kinakuwa na mafuta na harufu kali.

Kwenye jasho mambo ni kinyume: chumvi inatoka nyingi mno. Wazazi wa zamani wa Ulaya waliijua dalili hii kabla ya madaktari, kwa kumbusu mtoto kwenye paji la uso na kuonja chumvi. Sayansi iliifikia baada ya joto kali lililoikumba New York mwaka 1948, ambapo watoto wenye ugonjwa huu walianguka wakiwa wamekauka miili. Daktari Paul di Sant'Agnese akaanza kuuliza kwa nini ni wao, na jibu alilolipata kwenye jasho lao ndilo msingi wa kipimo kinachotumika hadi leo.

Kipimo hicho cha jasho hakipatikani katika kituo cha afya cha kawaida, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili kwa familia za vijijini. Mtoto anayekohoa miezi na miezi na kukonda ataandikiwa homa ya mapafu, kisha pumu, kisha dawa za kifua kikuu hata kama makohozi hayakuonyesha vimelea. Wahudumu hawapaswi kulaumiwa kwa kuanzia huko. Kifua kikuu kipo kwa wingi na sistiki faibrosisi ni adimu. Ila uadimu wake barani Afrika umetiwa chumvi kwa miaka mingi na imani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Watafiti wamekuta miongoni mwa watu weusi, wakiwamo wa Afrika Kusini, hitilafu ya jeni iliyo tofauti na ile inayoongoza Ulaya, na kipimo cha vinasaba kilichotengenezwa kwa kuwaangalia Wazungu kinaweza kuipita bila kuiona. Mzazi ambaye mtoto wake ametibiwa kifua mara nne au tano kwa mwaka, haongezeki uzito na ana choo cha mafuta, ana haki ya kumuuliza daktari wa watoto swali hili moja: je, amewahi kupimwa jasho?

Turudi barabarani. Oktoba, Iguguno ni kavu. Vumbi la njia za pembeni huinuka kwa kila pikipiki inayopita, na kwenye lami kuna moshi wa malori. Mkimbiaji wetu hana budi kuchagua, na chaguo lake ni la saa zaidi kuliko la njia. Alfajiri upepo huwa haujaamka na vumbi limelala, kwa hiyo saa 12 asubuhi anapaswa awe ameshaanza. Lakini kabla ya kufunga kamba za viatu ana kazi nyingine ya nusu saa ambayo wenzake hawana: kuyatoa makohozi. Anavuta pumzi ndefu, anaishikilia, anaitoa kwa nguvu mdomo ukiwa wazi kama anayetaka kutia ukungu kwenye kioo, anapumzika, anarudia, mpaka ute upande na kutoka. Wagonjwa wengi hufanya hivi mara mbili kwa siku, maisha yao yote, wakimbie wasikimbie.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza majirani. Kukimbia kwenyewe ni sehemu ya tiba. Pumzi za nguvu na mtikisiko wa kifua hulegeza ute, na baada ya kilomita mbili tatu mkimbiaji husimama kando ya shamba la alizeti na kukohoa kwa muda mrefu mpaka anayepita na baiskeli asimame kumpa pole. "Pole dada, rudi nyumbani ukapumzike." Pole inapokelewa, na kikohozi kile ndicho alichokifuata. Kinachopaswa kumrudisha nyumbani ni dalili nyingine: homa, makohozi yaliyobadilika rangi au kuongezeka kuliko kawaida yake, damu, maumivu ya kifua, au pumzi kukatika katika mwendo aliouzoea. Siku hiyo hakuna kukimbia, kuna hospitali.

Urefu wa uwanda huu nao una gharama yake. Kwa mita 1,500, kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na Tanga au Dar es Salaam. Simbu na wenzake hutafuta maeneo ya juu makusudi, mwili uzoee. Mwenye mapafu yaliyokwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake hana akiba hiyo ya kuchezea. Daktari anapaswa kumpima nguvu ya pumzi na kiwango cha oksijeni akiwa amepumzika na akiwa anafanya mazoezi, kabla ya wiki ya kwanza na tena katikati ya mpango. Kuruka hatua hiyo kwa sababu tu anajisikia vizuri ni ujinga, hata kama unaitwa ujasiri.

Kisha chumvi. Jasho lake lina chumvi mara mbili hadi tano ya jasho la mtu mwingine, na baada ya saa mbili za jua fulana yake hukauka ikiwa na ramani nyeupe. Hatari iliyojificha ni kiu. Mtu wa kawaida anapotoka jasho, damu yake hubaki na chumvi nyingi kuliko maji, na ubongo humwambia anywe. Kwa mwenye sistiki faibrosisi, chumvi na maji vimetoka pamoja, na kengele hiyo hailii kwa sauti. Anaweza kukauka mwili bila kuhisi kiu. Akinywa maji matupu kwa wingi, anazidi kuizimua chumvi iliyobaki, na hapo huja kichwa kuuma, kichefuchefu, kukaza kwa misuli, hata kupoteza fahamu. Kwa hiyo yeye hunywa kwa saa, hangoji kiu, na kinywaji chake kina chumvi ndani. Pakiti ya ORS iliyochanganywa kwenye lita moja ya maji safi ni mahali pa kuanzia penye bei nafuu, na kiasi kinachomfaa akipange na daktari wake.

Chumvi hiyohiyo ina sura nyingine. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walithibitisha kwamba kuvuta mvuke wa maji ya chumvi kali kupitia mashine husaidia kusafisha mapafu ya wagonjwa hawa, baada ya kuona kuwa wale waliopenda kucheza na mawimbi ya bahari walikuwa na nafuu. Mjini Singida lipo Ziwa Singidani, nalo lina chumvi. Asitokee mtu wa kuchota maji yale na kuyafukiza! Yanayotumika hospitalini yametakaswa na kupimwa.

Desemba mvua ikianza, vumbi hutulia na nchi hugeuka kijani. Hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote cha mbio ndefu za Jumamosi, zinazopanda taratibu kutoka kilomita 16 hadi 30 au 32. Lakini kila msimu una adui wake. Kwenye madimbwi na udongo uliolowa huishi bakteria ambao kwa mtu mwingine si kitu, ila kwenye ute mzito hujenga nyumba ya kudumu. Mabua yaliyooza na nafaka yenye ukungu hurusha mbegu za kuvu zinazoingia mapafuni. Kuna na kitunguu, zao ambalo Singida inajivunia. Mwaka 1950 Mmarekani Walter Burkholder alieleza bakteria anayeozesha vitunguu, na jina alilopewa, cepacia, linatokana na neno la Kilatini la kitunguu. Miaka mingi baadaye jamii hiyo ya bakteria ikaja kujulikana kama mmoja wa maadui wakubwa wa wenye sistiki faibrosisi. Kitunguu kizima jikoni si tatizo; rundo la vitunguu vilivyooza nyuma ya ghala ndilo la kupita mbali.

Jikoni nako kuna kazi. Mwili wa mgonjwa huyu unahitaji chakula kingi kuliko wa jirani yake hata kabla ya marathoni, kwa kuwa sehemu ya anachokula inapotea na kupumua kwenyewe kunakula nguvu. Iguguno haina uhaba wa vinavyofaa: ugali wa mtama, mlenda wenye karanga, kuku wa kienyeji, mayai, asali, na mafuta ya alizeti ambayo kwa mara moja daktari hatamwambia apunguze. Sharti ni kwamba vidonge vya vimeng'enya vimezwe pamoja na chakula, la sivyo mafuta yote yanaishia chooni. Vidonge hivyo ni vya kila mlo. Moshi wa kuni nao humsubiri pale jikoni baada ya kuukwepa ule wa malori, hivyo familia inayotaka kumsaidia ianze kwa kumwondoa mekoni.

Zipo pia dawa mpya zinazorekebisha kazi ya jeni yenyewe. Zimebadili maisha Marekani na Ulaya, ambako mtoto anayezaliwa leo na ugonjwa huu anatarajiwa kufika zaidi ya miaka 60. Ile maarufu zaidi ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2019 ilitangazwa kwa bei ya zaidi ya Dola 300,000 kwa mwaka, na haifanyi kazi kwa kila aina ya hitilafu. Kwa familia ya mkulima wa alizeti, hesabu hiyo haina haja ya kukamilishwa.

Februari ikifika, safari ni ya kurudi Singida, kisha Katesh, Babati, Arusha hadi Moshi. Ni siku nzima ndani ya basi, dirisha likiwa wazi upande wake na vidonge vikiwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Moshi iko chini kuliko Iguguno na ni ya joto zaidi, hivyo hewa itakuwa nzito kidogo na jasho jingi zaidi, na sehemu ya njia hupanda kuelekea Mweka. Akikutana pale na mkimbiaji mwingine mwenye ugonjwa kama wake, wapungiane mikono kwa mbali. Wenye sistiki faibrosisi hushauriwa wasikaribiane, kwa sababu wanaweza kuambukizana bakteria wa mapafu ambao dawa huwashindwa. Mtu pekee katika uwanja ule anayejua kikamilifu alichopitia ndiye asiyeruhusiwa kumkumbatia.

Asubuhi inayofuata, mapaja yakiwa yanakataa hata kuketi, ile nusu saa ya kutoa makohozi ipo palepale, kabla ya chai.