Deni Letu kwa Tarumbeta



Wapendwa waamini, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia tarumbeta, maana tuna deni nalo. Katika nyanda hizi, kutoka Kasulu hadi Kibondo, wengi wetu tunalifahamu kwa harusi na sherehe za kipaimara: gari la wazi, vijana nyuma, ngoma, na shaba inayong'aa juani. Ndiyo maana baadhi ya wazee hushtuka wakilisikia kanisani. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 haikulikataza. Ilitaka ala ifae kwa ibada na ikubaliwe na mamlaka ya Kanisa mahali husika.

Kabla ya shaba ilikuwapo pembe. Baragumu la pembe lilitoa sauti moja au mbili tu, likatosha kuwaita watu. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 10, Musa anaagizwa kutengeneza matarumbeta mawili ya fedha: likipigwa moja, hukusanyika wakuu; yakipigwa yote mawili, huja jumuiya nzima. Huko pwani ya Kenya, siwa ya Pate, ya pembe za ndovu na yenye urefu unaozidi mita 2, hupulizwa ubavuni, na zamani ilisikika katika sherehe za wakubwa. Huko Bunyoro, Uganda, wana makondere ya vibuyu. Kila mpigaji ana sauti yake moja, hivyo wimbo hautoki mpaka wote wapokezane. Mmoja akikosekana, wimbo unabaki na tundu. Sisi hayo ndiyo yanayotuvutia kuliko yote.

Tarumbeta la vijana wetu ni jingine. Bomba lake likinyooshwa hukaribia mita moja na nusu. Midomo ndiyo inayotetemeka, lakini bomba tupu hutoa sauti chache zilizoachana, kama ngazi iliyong'oka vidato. Mwaka 1818 Wajerumani Stölzel na Blühmel walipewa hataza ya vibonyezo. Katika tarumbeta la leo, cha pili hushusha sauti nusu hatua, cha kwanza hatua nzima, cha tatu hatua moja na nusu, ngazi ikakamilika. Lipo tarumbeta la C, lipendwalo katika okestra, na lipo dogo kabisa la pikolo, la sauti za juu. Lile tulilonalo huku ni la B flati, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Tulipokuwa tukiandaa Mkesha wa Pasaka, kijana mmoja, aliyefundishwa nota na mzee mstaafu wa bendi, alijitolea kupiga. Tulimpa ukurasa wa kinanda. Alipopuliza, ala hizo mbili ziligombana vibaya mno. Akina mama wa sauti ya kwanza wakainama wakicheka. Akarudia, yakawa yale yale. Nasi, tuliojifunza kinanda seminarini na kujiona wajuzi, tukamwambia mbele ya kwaya yote akajifunze kwanza kusoma nota.

Kumbe alikuwa amesoma sawasawa. Tarumbeta la B flati, mpigaji asomapo C, hutoa B flati, hatua nzima chini ya kinanda. Tulielewa baada ya Pasaka, tulipomsimulia padre mwenzetu wa Kasulu apigaye ala za shaba. Alicheka, kisha akanyamaza alipoona sisi hatucheki.

Kijana hakuwa amerudi kanisani. Tulipanda pikipiki mpaka kwao, tukamkuta akipura maharage. Tulimwomba msamaha mama yake akiwapo, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu. Akatazama chini kwa muda.

"Baba Paroko," akasema, "mimi nilidhani midomo yangu imeharibika."

Tangu siku ile hakuwa amelipuliza tena.

Amekubali kupiga Pentekoste. Tunamwandikia kurasa zake kwa mkono, kila nota juu kwa hatua nzima, na jana usiku umeme ulikatika zikiwa zimebaki mbili.